Kijana wangu wa miaka 24 amejifungia chumbani na hataki hospitali: nianzie wapi?

Mama wa Ngamiani, Tanga

Habari zenu, ndugu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliowahi kuuguza ndugu wa aina hii au wenye taaluma hiyo, kwa sababu nyumbani kwangu kila mtu ana lake la kusema, na mwenye uamuzi wa mwisho, yaani kijana mwenyewe, hataki kusikia lolote.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 24. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea upimaji wa ardhi, na hakuwahi kunipa sababu ya kumhofia: alikuwa mpole, mcheshi kwa wadogo zake, na akija likizo jioni hakosi uwanjani. Mwaka jana alirudi katikati ya muhula bila kuaga chuoni, akasema wenzake wa bwenini wanamfuatilia. Tukadhani wamegombana tu. Tangu hapo hali imezidi kuwa mbaya. Usiku halali, namsikia akitembea chumbani na kuzungumza kwa sauti ya chini, wakati mwingine akicheka, ilhali yuko peke yake. Ametoa laini kwenye simu na kuziba dirisha kwa magazeti. Kuoga ni mpaka abembelezwe. Kinachoniumiza zaidi ni chakula. Hali wali wala mchuzi niliopika kwa mikono yangu, ila atakula ndizi mbivu, chungwa au yai la kuchemsha, na yai lenyewe sharti alimenye yeye. Nilipomuuliza sababu alinijibu kwa upole kabisa kwamba vyenye maganda haviwezi kutiwa kitu ndani.

Baba yake anasema ni bangi, na kwamba anakimbia mitihani. Ni kweli aliwahi kuvuta akiwa chuoni, mwenyewe alikiri. Wifi yangu anasema kijana amechezewa, na anatuhimiza tumpeleke kwa mtaalamu mmoja wa kienyeji huko Handeni. Mimi naona ni ugonjwa, lakini hakuna daktari aliyemwona, kwa hiyo hata jina la ugonjwa sina. Nikitaja hospitali ananiambia, "Mama, mimi siumwi, wagonjwa ni nyinyi," kisha anaweza kumaliza siku mbili tatu bila kunisemesha. Shemeji yangu ameshauri tutafute dawa za usingizi, tumchanganyie kwenye juisi, na akishalala tumpakie kwenye gari. Je, hilo ni sawa? Na kama si sawa, mtu mzima asiyekubali kwamba anaumwa anafikishwaje kwa daktari?

Muuguzi Mstaafu

Pole sana, mama. Nimekuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu, na nitaanza na swali la juisi kwa kuwa ndilo la haraka. Tafadhali msifanye hivyo. Dawa ya usingizi aliyopewa mtu bila kupimwa, kwa kipimo cha kukisia, inaweza kumlegeza pumzi njiani mkidhani amelala tu. Halafu fikirini juu ya yai. Kijana huyu tayari anaamini kwamba chakula chenu kimetiwa kitu, na bado amewatafutia njia ya kula akiwa chini ya paa lenu. Siku atakapoamka hospitalini akakumbuka juisi, atakuwa na ushahidi kwamba alikuwa sahihi tangu mwanzo, na mliompa ushahidi huo ni nyinyi. Nimewauguza watu ambao kwa sababu ya tukio la namna hiyo hawakukubali tena kupokea hata maji kutoka kwa ndugu zao, na kidonge ndiyo kabisa.

Kwa sasa mlishe kwa masharti yake. Mwongezee karanga za maganda, viazi vilivyochemshwa na maganda yake, dafu alikate mwenyewe, na ikiwezekana chungu kimoja kiletwe mezani naye apakue wa kwanza. Usibishane naye kuhusu sumu, wala usimkubalie kwamba ipo. Inatosha kumwambia, "Naona jambo hili linakutisha, na mimi sipendi kukuona ukiogopa."

Kuhusu jina la ugonjwa, sitalitaja kwa mtu nisiyemwona, na hata daktari mzuri anaweza asilitaje siku ya kwanza. Kuzungumza peke yake, kuamini kwamba anafuatiliwa, kukosa usingizi na kujitenga na watu aliowapenda ni dalili zinazotokea katika magonjwa kadhaa, na yapo yanayohitaji kutazamwa kwa wiki au miezi kabla ya kutofautishwa. Skizofrenia, kwa mfano, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, kwa wanaume huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na katikati ya miaka ya ishirini, ndiyo maana inawakuta wengi wakiwa chuoni. Lakini dalili zinazofanana nayo huweza kuletwa na ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka, kifafa, maambukizi ya Virusi vya Ukimwi au kaswende yaliyofika kwenye ubongo, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na dawa za kulevya. Kwa hiyo msishangae daktari wa akili akianza kwa kuagiza damu ipimwe. Na kama mabadiliko yangekuja ghafla ndani ya siku chache, pamoja na homa, degedege au kutojua yuko wapi, ningekuambia umkimbize hospitali leo hii, maana huenda ni malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo.

Baba wa kijana hajakosea kuitaja bangi. Anachokosea ni kudhani kwamba akishaitaja, habari imekwisha. Bangi inaweza kuamsha ugonjwa wa aina hii kwa mtu mwenye mwelekeo nao, na ikaurefusha. Wapo wanaotulia baada ya kuiacha, na wapo ambao ugonjwa hubaki hata wakiiacha. Daktari anahitaji kuambiwa ukweli huo pasipo aibu.

Sasa, namna ya kumfikisha. Wengi wenye hali hii hawaoni kwamba wanaumwa, na kutoona huko ni sehemu ya ugonjwa wenyewe; si kiburi, na hakuna hoja itakayomshinda. Acha kumshawishi kwamba ana ugonjwa wa akili. Tafuta kile ambacho yeye mwenyewe anakilalamikia. Umeandika kwamba halali. Mtu asiyelala anachoka, kichwa kinamuuma, mwili unadhoofu, na hayo hawezi kuyakana. Mwambie, "Mwanangu, tukatafute msaada wa usingizi," na liwe kweli, kwa sababu daktari ataanzia hapo hapo. Usimwambie mnakwenda sokoni kisha gari likaingia lango la hospitali.

Jambo la mwisho kwa leo: nenda wewe kwanza, peke yako. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili chenye siku zake za kliniki. Chukua daftari, andika lini alilala na lini hakulala, alichosema kwa maneno yake mwenyewe, alichokula, lini ulianza kuona tofauti, na kama katika ukoo wenu au wa baba yake kuna aliyewahi kuumwa hivi. Maelezo kama "anafanya mambo ya ajabu" hayamsaidii daktari, lakini "anakula vyenye maganda tu kwa sababu anaogopa kuwekewa kitu" yanamwambia mengi.

Msema Kweli

Kwa heshima zote kwa muuguzi, hospitali zina mipaka yake. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba yapo mambo ambayo kipimo cha damu hakiyaoni. Mama, msikilize wifi yako. Kijana aliyekuwa anaongoza darasani hageuki hivi hivi bila mkono wa mtu.

Baba wa Korogwe

Ndugu Msema Kweli, sitabishana nawe kuhusu kilicho nyuma ya pazia, kwa kuwa mimi na wewe hatukioni. Nitaeleza kinachoonekana. Binti yangu alianza kuumwa akiwa na umri unaokaribiana na wa kijana huyu, na familia yetu ilipita njia unayoishauri kabla ya kufika hospitali. Tuliuza mifugo. Binti alifungiwa katika chumba cha uani, akafukizwa moshi, akanyimwa chakula kwa siku kadhaa ili anachodhaniwa kuwa nacho kipate kutoka, na alirudi kwetu akiwa na makovu ya kamba kwenye vifundo vya mikono na sauti zile zile masikioni. Mama yake alipoamua kwenda hospitali tulikuwa hatuna tena nauli ya kutosha. Watu wengi hapa nchini hupitia kwa mganga au kwenye maombi kwanza, na sitaki kuwacheka, kwa sababu mara nyingi hao ndio walio karibu na ndio wanaotukaribisha bila foleni. Ushauri wangu ni kwamba kisomo au sala vifanyike, tena nyumbani, mradi mgonjwa asifungwe, asinyimwe chakula, asinyweshwe asichokijua, na mtu yeyote asimwambie aache dawa. Sheikh wa msikiti wetu, ambaye sasa tunampelekea familia nyingine, huwasomea watu kisha huwauliza tarehe yao ya kliniki ni lini.

Mama, utaulizwa kuhusu fedha, basi nikueleze nilivyojifunza. Katika hospitali ya serikali mtafute afisa ustawi wa jamii kabla hujaanza kukopa, kwa sababu ugonjwa wa akili umo katika magonjwa ambayo sera ya msamaha wa malipo inayagusa, na ofisi hiyo ndiyo inayosikiliza habari hizo. Msamaha haumaanishi kwamba dawa zitakuwepo dirishani kila mara. Tenga kiasi kidogo cha kununulia duka la nje mwezi zinapokosekana, maana kukatika kwa dawa ndiko kulikomrudisha binti yangu wodini. Ikitokea akahitaji kulazwa kwa muda, kwa sisi wa mkoa wa Tanga kuna hospitali ya Lutindi, huku kwetu milimani Korogwe, iliyo chini ya Kanisa la Kilutheri na inayopokea wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani. Wagonjwa wenye nafuu hushirikishwa kazi za mikono, na nadhani kazi ile ilimrudishia binti yangu heshima yake zaidi ya maneno yetu. Hospitali ya rufaa ya taifa kwa wagonjwa wa akili ni Mirembe, Dodoma, lakini si lazima kila mgonjwa afike huko.

Kuhusu chuo, wahini. Kijana aliyeondoka bila kuaga huhesabiwa kuwa mtoro, na utoro unaweza kumfukuzisha. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo kwa sababu ya ugonjwa, nao hudai barua ya hospitali. Kama alikuwa na mkopo wa Bodi ya Mikopo, taarifa ya kuahirisha ifike huko pia. Kwetu sisi barua hiyo ilinituliza mimi baba mtu kuliko hotuba zote za daktari, kwa kuwa ilinionyesha kwamba mlango wa masomo haujafungwa.

Wa Kisauni, Mombasa

Shikamoo mama. Naandika kama mtu aliyewahi kukaa ndani ya chumba kama hicho. Mimi sasa nafanya kazi bandarini, nina mke, na kila mwezi nachomwa sindano. Sitasema kwamba kijana wako anaumwa ninachoumwa mimi, ila nitakueleza kinavyosikika kutoka upande ule wa mlango.

Sikuamini hata kidogo kwamba naumwa. Sauti nilizozisikia zilikuwa wazi kama za watu walioko ukumbini, na kila mtu aliyeniambia kwamba hazipo nilimweka katika orodha ya wanaoshirikiana nao. Kilichonidhuru mno ni minong'ono ya jikoni. Jamaa walikuwa wakizungumza habari zangu, wakinyamaza nikitokea, na ukimya ule ulithibitisha kila nilichokishuku. Kama mnataka kumzungumzia, toka nje ya nyumba kabisa, au mzungumzieni mbele yake kwa heshima. Wadogo zake pia waelezwe kwa maneno machache kwamba kaka anaumwa, haambukizi, na asichekwe, kwa sababu usipowaeleza watatunga maelezo yao.

Aliyenifikisha kwa daktari ni shangazi yangu, ambaye hakuwa na elimu yoyote ya mambo haya. Alikuwa akija jioni, akikaa kwenye mkeka nje ya mlango wangu akichambua mchele, bila kuniuliza swali. Siku nyingine aliniomba nimshikie ungo. Baadaye alinieleza kwamba yeye mwenyewe halali kwa sababu ya presha na ana siku yake ya kliniki, akaniomba nimsindikize. Alikuwa kweli na kliniki. Tulipofika aliniuliza kama ningependa na mimi nizungumze na mtu kuhusu usingizi wangu, akaniahidi kwamba nikikataa tutarudi nyumbani, na ninajua kwamba ahadi ile angeitimiza. Mtafutieni mtu wa namna hiyo katika ukoo. Mara nyingi si mzazi, kwa kuwa mzazi ana hofu inayoonekana usoni.

Na kwa mzee wake: asimtukane. Aliyoyasema baba yangu wakati ule niliyasikia kwa miaka mingi baada ya sauti nyingine kunyamaza.

Mama wa Ngamiani, Tanga

Nawashukuru sana, na Mungu awalipe. Nimemsomea mume wangu maneno ya Baba wa Korogwe na ya kijana wa Kisauni. Hakujibu neno, ila jana jioni aliniuliza chuo kinataka barua ya aina gani. Tunaye mjomba mmoja fundi seremala ambaye mwanangu alikuwa akishinda kwake karakanani tangu mdogo, na amekubali kuja. Habari ya juisi nimeifuta.

Muuguzi, nimebakiwa na hofu mbili. Ya kwanza, ikiwa mjomba atashindwa na hali ikazidi, sheria inaniruhusu kufanya nini ikiwa mwanangu ni mtu mzima? Ya pili, nimesikia kwamba dawa hizi huwafanya watu kuwa kama magogo, na wengine hukakamaa shingo. Naogopa nisije nikamharibu zaidi.

Muuguzi Mstaafu

Mama, mjomba huyo ni mtu anayefaa. Mwache aje kama mjomba, asije kama mjumbe.

Kuhusu sheria, tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inamtambua mgonjwa anayeingia hospitalini kwa hiari yake na pia asiye na hiari. Ndugu anaweza kuomba mgonjwa apokelewe, na polisi wanaweza kumfikisha hospitalini mtu ambaye kwa sababu ya ugonjwa anahatarisha maisha yake au ya wengine. Njia hii usiitumie kwa sababu hajaoga au amekataa wali. Itumie akisema kwamba sauti zinamwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, akizungumzia kufa, akianza kulala na kisu, au akiacha kabisa kula na kunywa. Jambo la kujiua muulize waziwazi. Kumuuliza hakumpi wazo asilokuwa nalo, na wengi hupata ahueni wanapoulizwa. Tangu leo ondoa chumbani na jikoni visu visivyo na kazi, dawa za panya na za mifugo, na akiba ya vidonge, ila fanya hivyo kimya kimya. Ikibidi kuwaita polisi, waeleze tangu mwanzo kwamba ni mgonjwa anayehitaji hospitali, na mwenyekiti wa mtaa awe amearifiwa mapema ili watu wasimchukulie kuwa mwizi. Vijana wagonjwa wamewahi kupigwa barabarani kwa kosa la kukimbia usiku.

Dawa zina madhara, na anayekuambia hazina hakutendei haki. Haloperidoli, ambayo hutumika sana katika hospitali zetu, inaweza katika siku za mwanzo kukaza misuli, shingo ikapinda upande mmoja, ulimi ukatoka au macho yakaelekea juu. Hapo ndipo ndugu wengi husema jini limepanda, wakamrudisha mgonjwa kwa mganga na kutupa dawa. Ni dhara la dawa, na linatulizwa upesi kwa dawa nyingine, mara nyingi benzeksoli, kwa hiyo mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Klorpromazini huleta usingizi mzito na kuifanya ngozi iungue juani. Awe na kofia na shati la mikono mirefu. Akiwa kama gogo, kama ulivyosema, mwambie daktari, kwa kuwa kipimo kinaweza kupunguzwa au dawa ikabadilishwa. Zipo pia olanzapini na risperidoni, ambazo kwa kawaida hazikazi misuli sana kama haloperidoli, ingawa olanzapini humnenepesha mtu na kupandisha sukari, hivyo uzito wake upimwe kila kliniki.

Usingizi na utulivu hurejea kwanza, pengine ndani ya siku chache. Sauti na hofu ya kufuatiliwa huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo wiki ya pili usiseme dawa imeshindwa. Akipona, ataendelea na dawa kwa angalau mwaka mmoja, na kuiacha kutafanywa na daktari kidogo kidogo. Kama vidonge vya kila siku vitakuwa ugomvi, uliza kuhusu sindano ya kila mwezi kama anayochomwa mwenzetu wa Kisauni.

Siku ya kliniki fikeni mapema kabla foleni haijamchosha, mjomba akae naye nje chini ya mti kama kuna mti, nawe uingie kwanza na daftari lako iwapo daktari ataruhusu na kijana ameambiwa kwamba utaingia. Kabla ya kutoka, uliza jina la dawa liandikwe kwa herufi zinazosomeka, dalili gani itakulazimu kurudi kabla ya tarehe, na namba ya simu ya kitengo. Daftari liendelee baada ya hapo, hasa saa anazolala na siku atakapokula kitu kisicho na maganda.